Barua ya wazi kwa vijana wa vikosi vya usafirishaji wa anga

Wanangu,

Nasikia baadhi yenu mnajiita wapagazi, kwa unyonge, kana kwamba ndege ya mizigo ni fungu la aliyekosa ndege ya kivita. Limenichoma neno hilo. Nimekula chumvi nyingi katika kazi hii, basi nisikilizeni kidogo.

Juni 1948 Wasovieti walifunga barabara, reli na mifereji iendayo Berlin Magharibi, mji uliozungukwa na eneo la Ujerumani lililokuwa mikononi mwao. Watu zaidi ya milioni 2 wakabaki na njia tatu tu za angani, kila moja ikiwa na upana wa kilomita 32 hivi. Wamarekani na Waingereza wakaanza kuwalisha kwa ndege. Mwanzoni ari ilikuwa nyingi, utaratibu mchache.

Ijumaa ya tarehe 13 Agosti, mawingu yalishuka hadi kwenye mapaa ya nyumba. Pale Tempelhof, uwanja wa ndege wa Berlin, ndege moja ya mizigo aina ya C-54 ilipitiliza njia ya kutua ikashika moto. Iliyofuata ikapasua matairi ikijaribu kuikwepa. Juu yake ndege nyingine zilizunguka zimepangana kama ngazi, na mmoja wa waliokuwa wakizunguka alikuwa mkuu wa kazi yenyewe, Jenerali William Tunner. Aliamuru zote zirudi zilikotoka. Baada ya hapo ikawa sheria: ukikosa kutua mara ya kwanza, hujaribu tena, unarudi na mzigo wako, unaingia foleni upya. Na kila safari iongozwe kwa vyombo, hata jua likiwaka.

Naomba hapo mtulie. Kijana mwenye damu moto huona aibu kurudi na shehena. Mimi nawaambia hakuna aibu; anayelazimisha kutua huwazibia njia wote walio nyuma yake.

Tunner alikuwa ameshajifunza hayo kwenye njia ya Himalaya, kutoka Assam, India, kwenda China, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Huko marubani walirudishwa kwao wakitimiza saa 650 angani, hivyo wakawa wanazikimbiza, wanaruka hali wamechoka, wanakufa. Akazipandisha hadi 750 na kuweka sharti la kukaa mwaka mzima. Uamuzi mchungu, lakini ajali zilipungua.

Sasa nigeukie wafanyakazi wa ardhini, kwa maana hao ndio husahaulika. Sehemu kubwa ya mzigo wa Berlin haikuwa chakula, ilikuwa makaa ya mawe. Vumbi lake lilipenya kila mahali, likala nyaya za usukani na za umeme, na fundi ndiye aliyelitafuta kwa mkono na tochi. Mafundi hawakutosha, wakaajiriwa Wajerumani, watu ambao miaka mitatu nyuma walikuwa adui. Wapakuaji wa Berlin nao, kikosi cha watu 12, walifikia kushusha tani 10 kwa muda usiozidi dakika 6. Rubani alikatazwa kuondoka kwenye ndege yake; chai na taarifa za hali ya hewa zilimfuata kwa gari. Huko Tegel, Berlin, uwanja mpya wa ndege ulijengwa kwa takriban miezi mitatu, na wengi wa waliobeba vifusi vyake walikuwa wanawake.

Ndiyo maana Pasaka ya 1949, ndani ya saa 24, waliweza kufikisha tani 12,941 kwa safari karibu 1,400. Vizuizi vikaondolewa Mei 12.

Watu 101 walipoteza maisha katika kazi ile, wengine wakiwa ardhini. Kwa hiyo ninawaomba jambo moja. Mnapoandika historia ya kikosi chenu, msiishie kwa majina ya marubani na makamanda. Andikeni nani alifunga minyororo ya shehena usiku ule wa mvua, nani aliikagua injini, nani alikataa kuiruhusu ndege iondoke na kwa sababu gani. Anzeni sasa, wakati wenyewe wangali hai wa kuwasimulia.

Mzee wenu