Barua kwa mwanangu: hizo kilo tatu ni za nini?

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa mkeo. Sisi huku hatujambo. Ujumbe wako nimeupata, na sikufichi, nimejivunia: kushuka kilo 3 si kazi ya mtu legelege. Ila uliposema unapanda kitandani saa sita usiku na kuamka saa kumi na nusu alfajiri ili uwahi kukimbia kabla ya kazi, roho yangu haikutulia. Hizo ni saa nne na nusu, mwanangu. Mtu mzima anahitaji saa 7 au zaidi kila usiku. Unapunguza mwili kwa kuuibia usingizi, na hapo ndipo tunapokosana.

Kilo 3 za nini? Mizani haitofautishi mafuta na misuli. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago walichapisha matokeo ya watu wazima 10 wenye uzito uliozidi, waliopunguziwa chakula kwa wiki mbili wakiwa na nafasi ya kulala saa 8 na nusu, kisha wiki mbili nyingine saa 5 na nusu. Mara zote mbili walishuka kama kilo 3 zilezile. Walipolala vizuri, kilo 1.4 kati ya hizo zilikuwa mafuta. Walipobanwa, mafuta yalitoka kilo 0.6 tu, kilo 2.4 zilikuwa misuli na sehemu nyingine za mwili zisizo mafuta. Watu 10 ni wachache, lakini tofauti hiyo ni kubwa mno kuipuuza, na wewe unalala pungufu hata ya wao. Unaamka gizani, unajinyima, unatoka jasho, halafu kinachoondoka ni kile ulichotaka kukijenga.

Nunua tepu ya kupimia kiuno. Pima asubuhi baada ya kwenda msalani, katikati ya ubavu wa chini na mfupa wa nyonga, ukiwa umetoa pumzi kawaida bila kuvuta tumbo ndani. Mara moja kwa wiki inatosha.

Jambo la pili: umeandika kwamba usiku unavamia jikoni na kula ukiwa umesimama, kisha unajiita dhaifu. Usijitukane. Mafuta ya mwili hutoa homoni ya leptini inayouambia ubongo kwamba akiba ipo. Tumbo hutoa ghrelini inayoita njaa. Katika utafiti wa mwaka 2004, pia wa Chicago, vijana 12 wenye afya walipolala kwa saa 4 tu usiku mbili mfululizo, leptini ilishuka kwa asilimia 18 na ghrelini ikapanda kwa asilimia 28, na hamu yao ikaelekea zaidi kwenye vitu vitamu, vya chumvi na vya wanga. Ni kweli kukesha kunachoma nguvu kidogo zaidi, lakini anachokula mtu aliyekesha kwa kawaida hupita hicho kilichochomwa. Na kinyume chake kimeonekana: mwaka 2022 watu wazima waliozoea kulala chini ya saa 6 na nusu walisaidiwa kuongeza takriban saa 1.2, bila kuambiwa lolote kuhusu chakula, na ulaji wao ukapungua kwa kama kalori 270 kwa siku. Wewe unazihangaikia kalori hizo kwa kukimbia.

Basi fanya hivi. Kengele ya saa kumi na nusu iondoe leo hii. Amka saa kumi na moja na nusu kila siku. Siku ya mapumziko usipitishe zaidi ya saa moja. Mazoezi yahamishie jioni, na yale mazito yaishe angalau saa mbili kabla ya kulala. Usikimbilie kitandani saa tatu usiku huu huu, maana saa ya mwili wako bado iko kwenye saa sita. Utagaagaa, utakasirika, utasema mama kanidanganya. Rudisha nyuma dakika 15 kila baada ya siku tatu. Kutoka saa sita hadi saa nne kasorobo ni hatua tisa, yaani kama mwezi mmoja. Nimesema saa nne kasorobo kwa sababu muda wa kitandani si muda wa usingizi: saa 7 na dakika 45 za kulala chali na kugeuka zitakupa kama saa 7 za usingizi wenyewe.

Kukishapambazuka, toka nje upate mwanga kwa nusu saa. Huo ndio unaoivuta saa ya mwili irudi mapema. Kahawa mwisho saa nane mchana. Kafeini inachukua kama saa 5 kupungua nusu, kwa hiyo kikombe cha saa kumi jioni, nusu yake bado unayo saa tatu usiku. Simu ichajiwe sebuleni. Ukikaa macho kama dakika 20, inuka, keti kwenye mwanga hafifu na kitu kisichochangamsha, rudi usingizi ukija. Usitazame saa.

Na yale maneno ya hapa nyumbani kwamba anayelala mapema ni mvivu, yasahau. Hayakustahili kusemwa mbele yako.

Muulize mkeo kama unakoroma, na kama pumzi inakatika kisha unashtuka kama mtu aliyepaliwa. Akisema ndiyo, au ukilala kwa saa 7 bado ukasinzia mchana, kuongeza saa peke yake hakutatosha: nenda ukapimwe pumzi usingizini. Shingo inayozidi sentimita 43 kwa mwanamume ni dalili nyingine, na tepu si utakuwa nayo. Baba yako naye nimemwambia; anasema hakoromi. Wadogo zako wanasema vingine.

Saa saba, mwanangu. Hata kama kilo zitashuka polepole, saa saba.

Mapazia mazito nitakushonea mimi, kitambaa tayari ninacho. Nitumie upana wa dirisha la chumbani na urefu kutoka kwenye fimbo hadi chini ya kizingiti, kwa sentimita. Upana nitauzidisha mara mbili ili mikunjo ikae, na fimbo izidi dirisha sentimita 15 kila upande, la sivyo mwanga wa taa za nje utapenya pembeni. Kama fimbo uliyonayo ni fupi, sema mapema.

Mama yako