Kwa nini moja iling'aa na nyingine haikung'aa

Mwanangu mpendwa,

Hujambo? Sisi huku wazima. Swali lako limenifurahisha mno, ndiyo maana nakujibu leo hii.

Unasema rangi zile mbili za maabara, fluoreseini na fenolfthaleini, molekuli zake zimechorwa kama pacha, lakini ulipoziweka kwenye maji yenye besi (kinyume cha asidi) chini ya taa, moja iliwaka kijani na ya pili ikabaki waridi tu. Rudi kwenye michoro. Utaona fluoreseini ina atomi moja ya oksijeni inayounganisha pete mbili za atomi. Oksijeni hiyo ni komeo: pete zimefungwa bapa, haziwezi kujisokota. Za fenolfthaleini ziko huru.

Elektroni ya molekuli ikimeza fotoni, yaani chembe ya mwanga, hupanda ngazi ya nishati papo hapo. Molekuli hutikisika, hupoteza nishati kidogo kuwa joto, na elektroni hutua kwenye kidato cha chini kabisa cha ngazi ile ya juu. Hapo husubiri. Kwa fluoreseini husubiri nanosekunde 4 hivi (nanosekunde ni sehemu moja ya bilioni ya sekunde), muda mrefu ajabu kwa molekuli, maana mtikisiko wake mmoja ni mfupi kuliko huo mara maelfu. Katika kungoja huko ndipo kila kitu huamuliwa. Molekuli inayoweza kujisokota huimaliza nishati yake kwa kujisokota, ikawa joto. Iliyofungwa haina njia hiyo, hivyo hutoa mwanga. Katika maji yenye besi, fluoreseini hurudisha zaidi ya fotoni 9 katika kila 10 ilizomeza.

Ule upotevu mdogo wa mwanzo ndio unaofanya fluoreseini imeze mwanga wa buluu, nanometa 490 hivi, na kutoa wa kijani, karibu 515. Mwanafizikia George Stokes aliieleza tofauti hiyo ya rangi mwaka 1852, kabla elektroni haijagunduliwa. Hilo hunistaajabisha hadi leo.

Lakini usidhani kufungwa kunatosha. Erithrosini ni fluoreseini iliyoongezewa atomi 4 za iodini. Umbo lake limefungwa vilevile, ila iodini ni nzito, na uzito huo huisaidia elektroni kugeuza mzunguko wake wa ndani (spini) na kuhamia hali nyingine ambako kurudi chini kwa kutoa mwanga ni kugumu. Kwenye maji mng'aro wake karibu unazimika.

Ukiipata erithrosini maabara, iweke kando ya fluoreseini chini ya taa ileile, kisha uniandikie ulichokiona.

Akupendaye,
Mama