Ukumbi wa kikapu si uwanja wa tenisi

Mhariri,

Kila Kigali inapotajwa kwa mashindano yake ya tenisi ya Challenger (ngazi iliyo chini ya ziara kuu ya wanaume), Kampala huzuka hoja ileile: nasi tuandae yetu, tena ndani, maana ukumbi wa kikapu Lugogo tunao na mvua haitatusumbua. Kabla hajatafutwa mdhamini, mtu achukue utepe apime.

Uwanja wa kikapu ni mita 28 kwa 15. Ongeza mita 2 za wazi kila upande, unapata 32 kwa 19. Tenisi ya kimataifa inataka mita 6.40 nyuma ya kila mstari wa mwisho na 3.66 pembeni, yaani 36.57 kwa 18.29. Upana upo. Urefu umepungua mita nne na nusu, na huko nyuma ndiko anakosimama anayepokea sevu (mpira wa kuanzishia) nzito. Paa nalo: kikapu kinaridhika na mita 7, tenisi inadai kama 9 penye wavu. Mpira ukigusa dari, aliyeupiga kapoteza pointi.

Juu ya mbao zilizong'arishwa mpira huteleza badala ya kudunda, kwa hiyo hutandikwa vipande vya plaiwudi vilivyopakwa rangi ya akriliki. Visipobanwa sawasawa, mpira ukiangukia kwenye kiungo unakufa. Nguzo za wavu hazichimbiwi, husimama kwa uzito wake. Ukikaza waya zinainamia ndani na wavu unalegea. Ndiyo maana katikati hupimwa kabla ya kila mechi: sentimita 91.4.

Umeme ukikatika, jenereta inaweza kuwaka mara moja, lakini taa kubwa za zamani zikizimika zikiwa moto hukaa dakika kumi au zaidi bila kurudi. Wekeni za LED, tena pembeni mwa uwanja. Anayepiga sevu hutazama juu. Mvua ya Aprili kwenye mabati sina haja ya kuieleza: mwamuzi hatasikia sevu ikigusa wavu.

Lakini kinachoua mpango ni ratiba. Wachezaji 32 wa mashindano yenyewe ni mechi 31. Kufuzu wanaingia 24 kugombea nafasi 6, mechi 18. Jozi 16 za wawiliwawili, mechi 15. Jumla 64, Jumapili hadi Jumapili. Jumapili ya kwanza peke yake ina mechi 12 za kufuzu. Kila moja ikichukua saa moja na nusu, kwenye uwanja mmoja ukianza saa nne asubuhi unamaliza saa kumi alfajiri, na walioshinda wanatakiwa uwanjani tena Jumatatu hiyohiyo. Viwanja viwili vya mechi ndiyo mwanzo, na cha mazoezi bado hatujakihesabu.

Kigali ilianza mwaka 2024 na Challenger 50 mbili, daraja la chini kabisa la mashindano hayo, nje, kwenye udongo. Viwanja vya nje vya Lugogo viko jirani na ukumbi huo unaopigiwa debe. Tuanze navyo, Julai, mvua ikiwa imepungua. Ukumbi waachiwe watu wa kikapu.

Mpenzi wa tenisi,
Kampala