Changamoto ya mawasiliano ilikuwa ya nani? Barua kwa wanangu mnaosomea uzamili wa elimu maalumu

Wanangu,

Mwezi uliopita nilialikwa kusikiliza wanafunzi wa uzamili wakiwasilisha matokeo ya tafiti zao. Nilifunga kilemba changu cha sikukuu, nikakaa kiti cha nyuma karibu na dirisha. Nilirudi nyumbani nimeudhika hivi kwamba chai ilipoa mezani sijaigusa.

Aliwasilisha binti mmoja mwerevu, msemaji mzuri, slaidi zake safi. Utafiti wake ulihusu namna wanafunzi viziwi wanavyojifunza kusoma katika shule tatu za msingi. Washiriki 42: walimu, walimu wakuu, wazazi, maafisa elimu. Nikanyoosha mkono. "Mwanangu, na watoto wenyewe walisemaje?" Akanijibu kwa adabu kabisa: "Mama, hatukuwahusisha kwa sababu walikuwa na changamoto ya mawasiliano."

Walikuwa na changamoto. Wao! Watoto ambao nimelala nao bweni moja nikiwa mlezi, taa zikizimwa wanasogea dirishani penye mbalamwezi ili wamalizie hadithi zao. Wanasengenya, wanatongozana, wanaigiza mwalimu wa hesabu mpaka unashika mbavu. Mtu akienda kijijini kwa Wamakonde hajui Kimakonde na hana mkalimani, atarudi aandike kwamba Wamakonde wana changamoto ya mawasiliano? Tungemcheka. Na sura ya tano ya tasnifu yake, ile ya mapendekezo, wanangu, ilipendekeza serikali iajiri wakalimani wa lugha ya alama. Yeye mwenyewe hakutafuta hata mmoja wa kukaa naye siku mbili.

Simlaumu peke yake. Pendekezo lake la utafiti lilipita kwa msimamizi, likapita idarani, likapita kwenye jopo. Watu wazima wenye miwani walilisoma, na hakuna aliyeuliza.

Mnajua kilichotokea Milan? Septemba 1880 walimu wa viziwi walikutana huko Italia kuamua viziwi wafundishwe kwa njia gani. Wajumbe 164, kiziwi mmoja tu. Wakapitisha kwamba kusema kwa mdomo ndiko bora, ishara za mikono ziondoke darasani. Uamuzi ule ulizunguka dunia. Hata huku kwetu nimekutana na watu wazima waliochapwa vidole wakiwa watoto kwa kosa la kuongea kwa mikono. Mkutano wa aina ileile ulipokaa Vancouver mwaka 2010 ndipo wakayakana maazimio yale na kueleza masikitiko yao. Miaka 130! Sasa hesabuni na nyie: 42 na sifuri. Milan walau walikuwa na mmoja.

Naongea kwa ukali kwa kuwa nami nina deni. Utafiti wangu wa uzamili niliufanya miaka ya tisini katika shule ya wanafunzi wasioona. Hojaji nilizichapa kwa wino, ungedhani nawapelekea wenye macho. Mwalimu wa zamu akanionea huruma, akawa anawasomea maswali, mimi najaza. Swali la saba lilikuwa: Je, walimu wanakutendea vizuri? Watoto 30, ndiyo 30. Nikachora jedwali, asilimia mia, nikapongezwa.

Miaka mingi baadaye nikiwa stendi ya Morogoro nasubiri basi, kijana mwenye fimbo nyeupe akanitambua kwa sauti kabla sijamaliza kumsalimu muuza maji. Alikuwa mmoja wa wale 30, sasa ni mwalimu. Tukanywa chai, nikamuuliza kuhusu lile swali la saba. Akacheka mpaka akaweka kikombe chini. "Mama, yule mwalimu viatu vyake vilikuwa na chuma kisiginoni. Tulikuwa tunamsikia tangu mwanzo wa korido. Nani angesema hapana, naye amesimama pale?"

Asilimia mia yangu bado ipo maktaba, imejaladiwa, jina langu limepigwa rangi ya dhahabu mgongoni. Kama ningejifunza nukta nundu mapema (maandishi ya wasioona yanayosomwa kwa vidole; nukta sita tu, jamani, siyo bahari) watoto wangepiga majibu yao wenyewe kwenye mashine zao, nikafunga bahasha nikaondoka nayo. Sikujifunza. Niliona ni kazi ya walimu wa kitengo cha elimu maalumu, mimi ni mtafiti.

Kwa hiyo nasema, na mkinuna nuneni: kabla hujaandika kichwa cha tasnifu, jifunze lugha ya wale unaowatafiti. Anayetafiti viziwi aende akae na viziwi muhula mzima, si kwa video za simu peke yake. Ajue kwamba katika lugha ya alama uso nao unasema; nyusi zikipanda, umeulizwa swali. Anayetafiti wasioona asome nukta nundu kwa vidole. Watoto wenye usonji au ulemavu wa akili wasiosema kwa maneno, kaa nao mpaka ujue wanakataaje. Wapo wanaokataa kwa kugeuza kiti. Hilo nalo ni data, liandike.

Hayo mengine nayapitia haraka kwa sababu mnayajua, ila hamyafanyi. Barua ya chuo, ya Katibu Tawala wa Mkoa na ya Mkurugenzi wa halmashauri zishughulikieni miezi miwili kabla, siyo wiki ya mitihani ya darasa la saba. Ridhaa ya mzazi haitoshi, muombeni na mtoto. Msitafsiri vipimo vya akili vya Ulaya usiku mmoja mkadhani vinampima mtoto wa Kondoa. Msipige picha za watoto za kupamba slaidi. Msiandikiwe sura ya nne, ile ya matokeo, steshenari. Naijua harufu yake tangu ukurasa wa kwanza. Na punguzeni Salamanca. Kila tasnifu ninayofungua inaanza na tamko la Salamanca la 1994 kuhusu elimu jumuishi, yaani watoto wenye ulemavu kusoma pamoja na wenzao, kama kwamba kabla ya hapo hakuna mtoto huku aliyefundishwa. Shule ya wasioona Buigiri, Dodoma, ilianza 1950. Shule ya viziwi Tabora, 1963. Wapo wazee waliosoma humo, wana kumbukumbu, na wanaondoka mmoja mmoja. Nendeni mkawasikilize.

Najua mmechoka. Wengi wenu ni walimu mnaosoma kwa mkopo wa SACCOS, mnapanda basi Ijumaa usiku, mnaandika huku mtoto amelala mapajani. Najua pia kwamba wengine mmekuja kutafuta mlango wa kutokea darasani, na siwezi kuwasema sana, kwa sababu mfumo wenyewe ndio unaowasukuma. Mwalimu wa kitengo akipata uzamili anahamishiwa ofisini, kitengo kinabaki na mwalimu mmoja, watoto wa umri wote wamechanganywa chumba kilichokuwa stoo. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu tunayo tangu 2010, na bango la elimu jumuishi limepakwa getini. Hata ukumbi ule wa mawasilisho ulikuwa ghorofa ya pili, hauna lifti. Kijana mmoja kiziwi, mwanafunzi mwenzenu wa uzamili, alikuwa amekaa safu ya mbele akitazama midomo yetu, kwa sababu mkalimani wake hakuja. Hakuwa amelipwa miezi mitatu. Tulikuwa tunajadili elimu ya viziwi mbele ya kiziwi, naye peke yake ndiye asiyejua tunasema nini. Chai ilipoletwa tukampa sambusa.

Wiki iliyofuata nilipita katika mojawapo ya zile shule tatu. Ipo karibu na kwangu, huwa nakwenda Ijumaa kusaidia kushona sare. Huko jina langu la alama ni kidole kinachozungushwa chini ya sikio, kwa sababu ya hereni nilizokuwa nikivaa zamani. Watoto viziwi hawampi mtu jina ovyo, wanamtazama kwanza. Nikawauliza kama wanamkumbuka dada wa chuo aliyekuja mwaka jana. Binti wa darasa la nne akajibu palepale: akainamisha kichwa, kiganja kimoja kikawa daftari, mkono wa pili ukaandika mbiombio, na macho hakuyainua hata mara moja. Wenzake wakaitikia. Kumbe walishampa jina, yeye hajui.

Kisha yule mtoto akapandisha nyusi akaniuliza: atarudi lini?

Binti yangu, mwenye washiriki 42, najua utaisoma barua hii. Nimemwambia nitakuuliza. Ijumaa ninakwenda tena kushona, nipe jibu la kumpelekea.

Mama yenu,
mwalimu mstaafu