Tusilundike chikichi siku nne alafu tutegemee soko la kiwanda

Mhariri, habari za kazi. Naomba nafasi kidogo niongelee mawese yetu ya huku Kigoma, mana sasa ivi kila mtu anaongelea miche ya tenera, ile michikichi chotara yenye mafuta mengi, kutoka kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Kihinga, na ni jambo zuri sana sipingi, ila mafuta yakishakamuliwa yana ubora gani hapo naona kimya.

Nilisomea usindikaji wa chakula na nyumbani tuna michikichi upande wa Simbo. Mwaka jana mnunuzi alitukatalia madumu yote, akasema asidi imezidi. Mama aliumia sana. Sababu naijua, mikungu tunailundika siku tatu nne ili chikichi zitoke kirahisi, na mule ndani ya tunda kuna kimeng'enya (enzaimu) kinaitwa laipesi, tunda likichubuka tu kinaanza kuvunja mafuta kuwa asidi na hakiachi mpaka uchemshe. Moto ndo unakiua.

Sasa viwandani ndugu yake laipesi huyo, anayetokana na fangasi, ndo anayetumika kubadili mawese yawe mafuta ya majarini bila kutumia haidrojeni, yaani yale mafuta ya transi yanayoharibu moyo hayatokei. Na hawamwagi tu kwenye pipa akapotelea humo. Wanamnasisha kwenye punje za silika, madini yale yaliyomo kwenye mchanga, punje zinajazwa kwenye mtungi mrefu, mafuta yanapita na yeye anabaki. Akishashikwa hivyo umbo lake haliharibiki ovyo, anapiga kazi kwenye joto la nyuzi 70 hivi kwa wiki nyingi, hata miezi. Wajapani walianza kutumia vimeng'enya vya kunasishwa kiwandani mwaka 1969, kutengeneza amino asidi, yaani vijenzi vya protini.

Lakini mafuta yaliyochacha, mabaki ya sabuni na utomvu vinamchosha mapema, nguvu ikishuka kiwanda kinunue punje nyingine na kilo yake ni ghali kuliko kilo ya mafuta mbali sana. Ndo mana lazima mawese yasafishwe kwanza, na yenye asidi nyingi yanapotea mengi kwenye kusafishwa, sasa nani atanunua hasara?

Naomba maafisa ugani watufundishe kupasua mkungu vipande tuchemshe mapema, kukausha maji yote kwenye mafuta, dumu lijae mpaka juu na likae kivulini. Na halmashauri iweke sehemu ya kupimia asidi, vifaa vyake sio vya ajabu, ni spiriti, soda kali (kostiki) na dawa ya kubadili rangi, mkulima ajue hali ya mafuta yake kabla hajalipa nauli ya kuyapeleka mjini.

Sisi msimu huu tunachemsha siku ya pili baada ya kukata. Mafuta yamebadilika hata harufu, ila chikichi zinagoma kutoka na miba inawachoma sana kina mama, kwa hiyo hao wanaogawa miche watukumbuke na mashine za kupukuchua.

Mkulima wa michikichi, Kigoma