Mbona Marejesho ya Kodi ya Mwaka Huu Hayafanani na ya Mwaka Jana?

Mshahara ni ule ule, mwajiri ni yule yule, lakini ulichorudishiwa hakifiki hata robo ya mwaka jana. Kabla hujailalamikia mamlaka ya mapato, acha kwanza kulinganisha marejesho kwa marejesho. Marejesho ni salio tu: kodi uliyokatwa mwaka mzima, ukitoa kodi uliyostahili kulipa.

Chukua ritani (taarifa za mapato na kodi unazowasilisha kila mwaka) za miaka yote miwili uziweke pamoja mezani. Soma kwa mpangilio huu: mapato yanayotozwa kodi, kodi kabla ya nafuu (yaani kiasi ambacho sheria inakupunguzia), nafuu zenyewe, kisha jumla ya makato, yaani kodi uliyokatwa. Mstari wa kwanza unaotofautiana ndio wa kuanza nao.

Tuseme kodi yako halisi ni 140,000 kwa kila mwaka. Mwaka wa kwanza ulikatwa 164,000, ukarudishiwa 24,000. Mwaka wa pili mwajiri alikuwa na taarifa zako zote za nafuu, akakata 143,000, ukarudishiwa 3,000. Hujapunjwa. Zile 21,000 zilizopungua ulishazipokea ndani ya mshahara, 1,750 kila mwezi. Sisi huwashauri wateja waipendelee hali hii ya pili, maana marejesho makubwa ni pesa yako iliyokaa serikalini, kwa kawaida bila riba, huku pengine wewe unalipia riba ya mkopo.

Makato ndiyo yanayowashangaza wengi. Katika nchi nyingi, hesabu ya kodi ya mshahara hukisia mwaka mzima kwa kuangalia malipo ya mwezi mmoja. Aliyeanza kazi mwezi wa saba hukatwa kana kwamba analipwa hivyo miezi yote 12, basi mwisho wa mwaka hurudishiwa nyingi. Mwaka unaofuata akifanya kazi miezi yote, ziada ile haipo tena. Bonasi nayo mara nyingi hukatwa kwa dhana kwamba utaipata kila mwezi.

Kazi mbili huleta kinyume chake. Kila mwajiri, asipojua habari za mwenzake, anakupa nafuu na kuanzia viwango vya chini. Mishahara ikijumlishwa, sehemu yake inaangukia kiwango cha juu, na makato hayatoshi. Hapo marejesho yanaisha, au unageuka mdaiwa. Pango unalopokea na vibarua visivyokatwa kodi vina matokeo hayo hayo.

Nafuu nazo hazidumu. Mtoto huvuka umri unaokubalika. Riba ya mkopo wa nyumba hushuka kadiri deni linavyopungua, na punguzo lake linashuka nalo. Sheria pia hubadilika: Marekani, nafuu ya mtoto wa chini ya miaka 6 ilifika dola 3,600 mwaka 2021, kisha ikarudi hadi dola 2,000 mwaka 2022. Australia, nafuu ya wenye kipato cha chini na cha kati, iliyofika dola 1,500 za huko, ilikoma na mwaka wa kodi ulioishia Juni 2022. Tena, nafuu nyingi hupunguza kodi mpaka sifuri tu, kinachobaki hakirudishwi.

Ikiwa ritani inaonyesha kiasi kimoja na benki kimeingia kingine, tatizo liko kwingine. Huenda deni la nyuma limefidiwa humo, au cheti cha makato ulichopewa hakilingani na alichowasilisha mwajiri. Soma barua ya mamlaka kabla ya kurekebisha ritani. Ukirekebisha mahali pasipo na kosa, unaongeza miezi ya kusubiri.

Ukija kwetu, beba ritani mbili za mwisho, vyeti vya makato vya kila mwajiri wa mwaka huo, pamoja na barua hiyo. Na kama umebadilisha kazi, umepata mtoto au umeanza kupangisha nyumba, usingoje msimu wa ritani: mpelekee mwajiri taarifa mpya sasa, makato yarekebishwe kwa miezi iliyobaki.