Bunduki ya marehemu baba yako

Malindi, 9 Septemba

Kwa sahibu yangu Salim,

Assalaam alaykum. Ama baada ya salamu, barua yako nimeipata pamoja na picha tatu ulizoziambatisha, na yaliyomo nimeyafahamu. Nimefurahi kusikia kwamba leseni imeshaandikwa kwa jina lako, maana kabla ya hapo nisingekubali kukueleza hata namna ya kulegeza parafujo moja. Sisi huku ni wazima, na kusi inaelekea kukatika.

Nianze na hilo lililokukosesha usingizi. Unaandika kwamba mwezi wa Julai, mara mbili, ulivuta kifyatulio ukasikia mlio mnyonge wa chuma na risasi isilie, na kwamba fundi mmoja wa huko Iringa amekuambia kamani, yaani springi ya ndani, imechoka, akataka umwachie bolti, kile chuma cha nyuma kinachoifunga risasi ndani ya bunduki, ainyooshe kamani na kuichonga kwa tupa ncha ya pini inayoigonga risasi. Nakuomba usimwachie. Nimeikuza ile picha ya risasi mpaka nikaiona vizuri fataki yake, kile kitufe cha nyuma kinachowasha baruti: ina kidoa kifupi tu katikati, mfano wa mtu aliyebisha hodi kwa ukucha badala ya ngumi. Kamani iliyochoka nayo huacha alama ya namna hiyo, sikatai. Ila kuna jambo ambalo fundi huyo halijui nami nalijua, nalo ni kwamba marehemu baba yako, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa akiipaka bunduki ile mafuta ya nazi. Nilimwona kwa macho yangu barazani kwake Pangani, akiyatia ndani ya bolti kwa unyoya wa kuku, nami nikanyamaza kwa kuwa alikuwa mkubwa wangu.

Pangani haikuwa na madhara makubwa, kwa sababu kwa joto letu la pwani mafuta ya nazi hayagandi abadan. Lakini yakishuka chini ya nyuzi 24 hivi huanza kuwa mazito, kisha hugeuka samli. Itazame chupa ya mafuta ya nazi iliyoko jikoni kwako asubuhi ya Julai, kwa baridi ya huko Iringa, halafu fikiri kwamba kitu hicho hicho kimejaa ndani ya bolti, kikiizunguka kamani na pini, na kwamba pini inatakiwa ikipenye kwa kasi ya kufumba jicho. Hapo ndipo nguvu inapopotea. Na kabla sijasahau: siku risasi itakapokataa tena, usiifungue bolti papo hapo. Uelekeze mtutu mahali pasipo na mtu wala mnyama wa mtu, uhesabu dakika nzima, ndipo ufungue. Kuna fataki zinazochelewa, na ganda likipasuka bolti ikiwa wazi, uso wako ndio uliopo nyuma yake.

Bunduki uliyorithi ni Mauser ya muundo wa 1898, na maandishi ya 9,3 x 62, yaani upana wa risasi na urefu wa ganda lake kwa milimita, niliyoyaona kwenye kasiba, lile bomba la mtutu, yanaeleza kwa nini ilifika Tanganyika. Risasi hiyo ilibuniwa na Otto Bock, fundi wa bunduki wa Berlin, mwaka 1905, kwa ajili ya walowezi na wawindaji wa Afrika waliotaka risasi nzito isiyohitaji bunduki ya bei kubwa. Ni kitu cha kufanya kazi, si pambo, na uzuri wake ni kwamba bolti yake hufunguka bila chombo hata kimoja. Wajerumani waliiunda hivyo ili askari aisafishe akiwa handakini.

Kwanza iondoe risasi. Fungua bolti, toa zote, zipeleke chumba kingine, kisha tia kidole chemba, pale risasi inapolala tayari kupigwa, na ndani ya magazini ujihakikishie kwa ngozi yako. Jicho hudanganywa na kiza. Ifunge tena bolti ikiwa tupu, bila kuvuta kifyatulio, na kile kibawa cha usalama kilichoko nyuma ukisimamishe wima. Kikilala kulia kimefunga kila kitu, kikilala kushoto bunduki iko tayari kufyatuka, na kikisimama wima kimeizuia pini huku bolti ikiweza kutembea, na hali hiyo ndiyo tunayoitaka. Fungua bolti, ivute nyuma, na kwa kidole gumba cha mkono wa kushoto uvute nje kile kizuizi kilichoko ubavuni. Bolti itakutokea mkononi.

Upande wa kushoto wa kifuniko cha nyuma cha bolti utaona kijiti cha chuma kinachobonyea. Kibonyeze, kisha zungusha kifuniko kinyume cha saa, duru moja baada ya nyingine kufuata hesi yake, mpaka kifuniko, kamani na pini vitoke pamoja. Hadi hapo hakuna hatari. Hatari iko katika hatua inayofuata, kwa kuwa kamani ile imebanwa na ina hasira. Simamisha ncha ya pini juu ya kipande cha ubao mgumu, ukiwa umekitoboa kitundu kidogo ili ncha isiteleze. Kamata kifuniko kwa mikono miwili, kisukume chini kwa uzito wa mwili mpaka mkia wa pini utokeze juu yake, kisha mtu mwingine, au kidole chako ukiwa na mkono wenye nguvu, auzungushe mkia ule robo mzunguko na kuunyanyua. Baada ya hapo kiachie kifuniko kipande juu polepole. Usikiachie ghafla. Mimi niliwahi kukiachia nikiwa kijana wa miaka kumi na saba, kikaruka kikatoboa makuti ya paa la karakana, na mkia wa pini tuliukuta siku ya pili ndani ya banda la mbuzi wa jirani.

Vitu vyote hivyo vitie katika bakuli la mafuta ya taa. Utashangaa rangi ya kitakachotoka. Ndani ya bolti penyewe ndimo mlimo na ugonjwa: chonga kijiti cha mwembe, kizungushie kitambaa cha pamba, chovya, pekecha, vuta, tupa kitambaa, rudia tena mpaka kitambaa kitoke kama kilivyoingia. Kisha ukaushe kila kitu kwa kitambaa kikavu na kuviacha juani kwa muda mfupi. Mafuta ya kurudishia yawe ya cherehani, na yawe machache kiasi cha kuona haya: tone moja ulipake kwa vidole juu ya pini yote, kisha ulifute kana kwamba umejuta kulitia. Grisi kidogo itie nyuma ya yale masikio mawili ya mbele ya bolti yanayobeba nguvu ya mlipuko, basi. Ule ukucha mrefu wa ubavuni unaokamata ganda la risasi uache ulipo. Wengi huutoa kwa udadisi, wakaupinda, na ukipindika bunduki huanza kuacha maganda ndani.

Bolti hiyo iwe ya bunduki hiyo. Nalisema kwa kuwa nimelilipia. Ami yangu, ambaye alikuwa akitengeneza cherehani, makufuli na bunduki katika karakana moja karibu na soko, alinipa siku moja Mauser mbili za wawindaji waliokuwa wameteremka kutoka bara kuja kuvua samaki baharini kabla ya kurejea kwao. Hiyo ilikuwa kabla ya mwaka 1977, serikali yetu ya Kenya ilipopiga marufuku uwindaji na kazi ile ikatutoka mikononi. Nilizifungua zote mbili juu ya mkeka mmoja, nikazisafisha zikang'aa, nikazifunga, na bolti nikazipishanisha. Zote mbili zilifunga vizuri na wala hazikuonyesha kasoro. Ami alizichukua, akasoma namba zilizopigwa kwenye bolti na namba zilizopigwa kwenye mwili, akazilaza mezani na kunitazama tu. Kisha akanieleza kwamba kila bolti imesuguliwa ikalingana na kasiba yake kwa nafasi ndogo kuliko unene wa unywele, na nafasi hiyo ikizidi, ganda la risasi hunyooka nyuma likakatika, na moshi wa moto ukamrudia mpigaji. Tangu siku ile nikifungua bunduki mbili hufungua moja nikaimaliza. Kwa hiyo zitazame namba zako, na kama hazifanani, usiipige hata risasi moja mpaka fundi mwenye vipimo vya chemba aikague.

Sasa kasiba. Picha ya tatu inaonyesha doa jekundu mdomoni mwa mtutu, na hilo halitokani na Iringa. Bunduki imetoka nalo Pangani. Wengi wetu wa pwani tunaamini kwamba mafuta huondoa kila kitu, kwa kuwa tumekulia penye majahazi, tukaona mbao zikipakwa sifa, yaani mafuta ya samaki, juu, na deheni, yaani shahamu iliyochanganywa na chokaa, chini, zikaishi miaka. Ubao na chuma havifanani. Chumvi haiyeyuki katika mafuta. Inayeyuka katika maji. Ukipaka mafuta juu ya chumvi umeifunika tu, nayo chini ya kifuniko hicho huvuta unyevu wa hewa ikala chuma kwa raha zake. Fataki za risasi nyingi za zamani nazo ziliacha chumvi ya namna hiyo hiyo ndani ya kasiba kila zilipolia, na ndiyo maana wazee waliomwaga birika la maji ya moto ndani ya mtutu hawakuwa wapumbavu, ingawa vijana waliwacheka.

Basi nawe fanya kama wao. Bolti ikiwa nje, funika mbao kwa kitambaa, mimina maji yaliyochemka kutoka nyuma kupitia kirija kwenda mbele, bila kuyaacha yaingie kwenye kitako. Chuma kikishapata moto hujikausha chenyewe, lakini pitisha vitambaa vikavu hata hivyo. Ndipo uingize mdeki wenye brashi ya shaba, uliolowa dawa ya kusafishia, daima kutoka upande wa chemba kuelekea mdomoni, kwa sababu ukingo wa mdomo ndio unaoiaga risasi, na mdeki ukiusugua upande mmoja, risasi itakwenda upande usioutaka. Kitambaa kikitoka na rangi ya buluu, hiyo ni shaba ya risasi inayotoka. Endelea mpaka rangi ikome. Malizia kwa mafuta membamba, na kabla ya kwenda porini uyafute.

Kuhusu mbao, zile parafujo mbili za chini zinazoshika mwili na kitako usizifungue kila mwezi, maana kila ukizifungua na kuzifunga shabaha huhama kidogo. Mara hii moja zifungue, kwa sababu bunduki imekaa pwani miaka mingi bila mtu kutazama chini ya kasiba, na kutu hupenda kujificha hapo. Tafuta bisibisi inayojaa sawasawa katika mfereji wa parafujo. Ikicheza, itakula kichwa chake. Ukirudisha, anza na ya mbele. Kitako ukipake mafuta ya kitani, tabaka jembamba kwa kiganja, likauke siku nzima kabla ya jingine. Na ule mfuko wa ngozi ambao marehemu aliupenda, utundike ukutani kama kumbukumbu, bunduki uitoe ndani yake. Ngozi hunyonya unyevu ikaushikilia, na ina dawa za kutengenezea ngozi ambazo chuma hakizipendi. Nadhani lile doa la ubavuni limeandikwa na mshono wake.

Ukiirudisha bolti, zungusha kifuniko mpaka mwisho, kijiti kikae kitunduni mwake, na kibawa kiwe wima. Ikikataa kuingia mwilini, usiigonge wala kuisukuma kwa nguvu. Aghalabu mkia wa pini umejiachia mbele, nawe itakubidi ulegeze tena na kuuweka sawa. Kisha, bunduki ikiwa tupu, ifunge, fungua usalama, vuta kifyatulio. Utasikia mlio mkavu na mkali, usiofanana hata kidogo na ule wa Julai.

Mafuta ya cherehani nimekununulia chupa mbili hapa Malindi, na Athumani anayekuja huko wiki ijayo atakuletea. Mpe mkono mama watoto, na uniandikie mlio umekuwaje.

Wasalaam,
sahibu yako,
Abdalla